Jani la Isale

Desemba hii watoto wa kaka zangu wamepanda kutoka Dar kuja kula sikukuu. Mmoja wao, wa darasa la sita, kanikuta nikimkatia ng'ombe mgomba, akaniuliza ndoto za alinacha maana yake nini. Nikamwambia ni mtu kupanga kujenga ghorofa hali hana hata tofali. Akaandika, akaenda zake kucheza. Mimi, ndugu yangu, panga nililiweka chini.

Msemo huo nililishwa na bibi kila asubuhi pamoja na mtori. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Nikisema nitasomea ufundi Tanga, nije niendeshe treni, anacheka huku anakoroga chungu: hizo ni ndoto za alinacha, kalete majani ya ng'ombe. Kaka zangu walishaondoka. Kwetu Uchaggani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na kihamba: migomba, kahawa, makaburi na mzee aliyesalia. Wa mwisho nilikuwa mimi, na nasema kweli, nilichukia kuzaliwa wa mwisho.

Siku moja mwalimu akaja na barua. Nimechaguliwa, Tanga! Sare nikashonewa mjini, Majengo, sanduku la bati likafungwa. Bibi akaacha hata kucheka.

Asubuhi ya safari nikamkuta amesimama mlangoni, mkononi ana jani la isale amelipiga fundo. Kwetu anayekuja na isale amekuja kuomba, na ukiombwa kwa isale hukatai, hata kama mtu amekuulia ndugu. Lakini bibi kumpelekea mjukuu isale? Sijapata kuona, si kabla wala baada.

"Usiniache peke yangu na nyumba hii, mjukuu wangu."

Nikalipokea. Ningefanyaje? Sanduku likawa la kuwekea mbegu za maharage.

Sasa bibi hayupo, kahawa tumeing'oa, na kaka zangu wakishiba machalari hunisifu kwamba mimi ndiye nguzo ya boma. Sawa, lakini nguzo haiendi popote. Miaka yote nimemlaumu bibi kwa kunicheka, kumbe sikumwelewa. Mtu hapelekewi isale kwa ajili ya ndoto za alinacha. Angeacha tu niende, nishindwe, nirudi. Katika ukoo mzima, ni yeye peke yake aliyeamini kwamba ningefika.