Baba wa Mnadani

Katika usharika wetu wa Kilutheri, juu kidogo ya Tengeru, ibada haiishi kwa baraka. Asiye na hela siku hiyo huleta sadaka ya alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, kuku. Watu wakishatoka, vitu hivyo hunadiwa uwanjani, na kwa miaka yote ninayoikumbuka mnadishaji amekuwa baba yangu.

Watu walibaki kwa ajili yake. "Jogoo huyu," alisema Jumapili moja akimwinua juu, "ndiye amekuwa akimwamsha mchungaji tangu Pasaka. Atakayemchukua, ibada ikichelewa asiniletee kesi!" Akamgeukia mama mmoja wa kwaya. "Mama, unamwangalia sana. Ongeza, au mwache aende kwa wanaompenda." Mama yule akaongeza huku akijifunika uso kwa khanga.

"Nyumbani kwenu mnakula saa ngapi?" jirani mmoja aliniuliza siku hiyo. "Si mnashinda mnacheka tu?"

Nikasema ndiyo, tunacheka. Ningemwambia nini? Nyumbani baba alivua koti, akakaa kwenye benchi la nje, akafungua redio, na maneno yake mpaka Jumapili nyingine yakawa ya kuhesabika. Hakuwa mkali, wala hakuwa mlevi. Alikuwa kimya tu.

Niliporudi kutoka chuo kikuu nilikuwa na maelezo ya kila kitu, na yeye nikamtafutia ya kwake. Nilimwambia dada yangu, tukimenya ndizi, kwamba baba ni mwigizaji. Yule wa kanisani ni wa maonyesho, wa nyumbani ndiye wa kweli, na huyo wa kweli hana haja na sisi.

"Umejuaje yupi ndiye wa kweli?" aliuliza dada.

"Mtu halisi ni yule asiyeangaliwa."

"Haya, profesa. Kwa hiyo sisi tukimwangalia siyo watu?"

Nikaendelea kumenya.

Mwaka jana dada akachumbiwa na kijana wa Moshono. Sherehe ya kumuaga ikapangwa kufanyika kwenye ukumbi mmoja Tengeru, na ratiba ikaweka neno la baba kabla ya chakula. Kamati nzima ilikuwa inalisubiri neno hilo kuliko chakula chenyewe. Dada hakulitaka. Alimfuata baba bandani, mimi nikiwa pembeni nakata majani ya ng'ombe.

"Baba, siku ile usichekeshe watu. Sema na mimi. Hujawahi kukaa ukasema na mimi."

Baba alibaki ameshika kamba ya ndama. "Watu watakuja kusikiliza," alisema.

"Najua. Na mimi je?"

Akamfunga ndama. Tukirudi ndani, dada aliniambia kwamba baba akimnadi mbele ya wakwe, hatamsamehe. Hakuwa anatania.

Siku ikafika. Mshereheshaji alipomwita baba, ukumbi ulianza kucheka kabla hajafika mbele. Akashika kipaza sauti, akamtazama dada aliyekaa jukwaani na msimamizi wake, akanyamaza. Watu wakadhani ndio mwanzo wa kichekesho, wakacheka zaidi. Kisha mzee mmoja kwenye meza za usharika, kwa furaha tu, akapaza sauti kama mnadani: "Mara ya kwanza!"

"Mara ya piliii!" wakaitikia wa nyuma.

"Wakwe, ongezeni! Mtampoteza huyo!"

Dada aliinamisha kichwa. Msimamizi akampa kitambaa. Nilikuwa na uhakika baba atawajibu. Neno moja lingetosha, na ukumbi wote ungekuwa wake.

Aliweka kipaza sauti juu ya meza ya keki. Akapanda jukwaani, akavuta kiti, akakaa kumwelekea dada, mgongo kwetu sote, na akaanza kuongea naye kwa Kimeru, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu.

"Hatusikii!"

"Mpeni maiki mzee wetu!"

Mshereheshaji akamfuata nayo. Baba akamzuia kwa mkono bila kugeuka, akaendelea. Watu wakaanza mazungumzo yao, soda zikafunguliwa. Kutoka nilipokaa nilimwona dada tu. Alicheka kidogo, akalia, kisha akaongea yeye na baba akasikiliza. Ratiba ikavurugika.

Baadaye mpiga video alilalamika kwamba kipande kile hakina sauti. Wanakamati wakamwambia mama kwamba mzee alipoteza nafasi, wakwe wangekuwa wanamsimulia mpaka leo. "Hakuwa anaongea na wakwe," mama aliwajibu.

Wiki chache baadaye nilimtembelea dada Moshono, nikamuuliza baba alimwambia nini.

"Hayo ni yangu," alisema. "Mimi nilimwomba. Wewe umeshawahi kumwomba nini, zaidi ya ada?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, hasa kwa sababu nilitafuta jibu njia nzima nikalikosa. Nilikuwa na maswali mengi juu ya baba, ila sikuwahi kumpelekea hata moja. Nilimkuta peke yake kwenye benchi, redio ikiongea, nikamwamkia, nikakaa. Kisha nikamuuliza nani alimfundisha kunadi.

"Hakuna," alisema. "Aliyekuwa akinadi aliumwa. Wakaniambia, simama wewe."

"Uliogopa?"

Alipunguza sauti ya redio.

"Sana," alisema. "Na hata sasa. Jumamosi yote huwa nawaza nitasema nini."