Uzi wa Sita

Kucha za mkono wa kulia wa mwalimu wa gitaa ni ndefu, zimepigwa msasa zikang'aa. Za kushoto hukatwa hadi nyamani. Leo gitaa alilopakata ni la marehemu mwanafunzi wake, na dada mtu amesimama karibu. "Usizikaze nyuzi, mwalimu. Alivyoziacha ndivyo zibaki." "Sithubutu, dada. Kwa ubishi wa kaka yako, atanijia ndotoni." Dada anacheka kidogo. Kaka alijifungia chumbani wiki zake za mwisho, na dada humwomba Mungu kila siku isiwe alikufa amekata tamaa.

Gumba linagonga uzi wa sita, ule mnene. Mwalimu anaulinganisha na wa nne: sauti ni ileile, huu chini, ule juu. "Huu haukulegea wenyewe. Ameushusha makusudi. Kipande cha muziki nilichompa mwisho ndicho kinachotaka hivi, naye akanijibu, 'Mimi wa kujifunza jipya?'" Anakipiga. Uzi mnene unavuma chini, vidole vitatu vinapanda juu yake, na mpigaji mmoja anasikika kama wawili. Dada anashika kifua. "Ee Mola! Kumbe alianza kujifunza." "Alianza, dada." "Basi rudia, mwalimu. Polepole, kama anayejifunza."