Kwenye fomu za PR ya Canada niliandika sina mtoto

Habari za majukumu wakuu.

Wengi humu mnanijua kwa kubishana kwenye nyuzi za mpira. Leo nimekuja na langu, na halina utani. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, aende jukwaa lingine, hapa naandika kilichonitokea.

Majina ya watu nimebadilisha. La binti yangu nimeliacha kama lilivyo, nimemwomba ruhusa akanipa.

Mimi ni mtu wa Kasulu, Kigoma. Nipo Toronto mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilikuja kusoma, nikabaki, nikapata PR, yaani ukaazi wa kudumu, nikaoa. Nina watoto wawili wa kiume ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanaelewa vizuri kabisa, halafu wanakujibu "I'm good".

Lakini kabla sijaondoka nyumbani nilikuwa nimeshazaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, kazi sina, kichwani upepo mtupu. Binti niliyezaa naye alimleta mtoto kwa bimkubwa, mama yangu, akiwa na miezi minane. Akasema anaenda kuolewa Tabora na huko hawataki mtoto wa mtu. Bimkubwa hakubishana naye. Alimpokea, akambeba mgongoni, maisha yakaendelea.

Huyo ndiye Edina.

Sasa kwetu mnajua mambo haya yanavyokwenda. Mtoto akilelewa na bibi, bibi ndiye anakuwa mama. Na bibi akishakuwa mama, baba yako anageuka kaka. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Edina alipoanza kuongea aliniita "kaka", watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaitika.

Ningemrekebisha siku ile ile, leo nisingekuwa naandika uzi.

Mzee wangu alifariki Edina akiwa na miaka mitatu. Ulipofika wakati wa kumuandikisha shule, bimkubwa akaenda kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Akaandikisha jina lake yeye na la marehemu mzee kuwa ndio wazazi. Mimi wakati huo nilishakuwa huku. Aliponiambia kwa simu nikamwambia, "Sawa mama, umefanya vizuri." Kusema kweli niliona kanipunguzia mzigo.

Tuje kwenye fomu.

Toronto wabongo tukitaka ushauri wa immigration hatuendi kwa mwanasheria, tunaenda kunyoa. Kulikuwa na kaka mmoja, nimwite Deo, alikuwa na kiti cha kunyolea kwenye basement yake kule Brampton. Yeye alijaza fomu zake mwenyewe akafanikiwa, basi akawa wakili wetu sote. Unakaa, mashine inapita kisogoni, na yeye anakupangia maisha.

Fomu ya PR inauliza watoto wako WOTE. Awe anakuja na wewe au haji. Awe anaishi kwako au kwa mtu mwingine. Imeandikwa wazi na niliisoma kwa macho yangu haya, kwa hiyo msije kunitetea kwenye comments kwamba sikujua.

Nikamuuliza Deo. Akazima mashine.

"Huyo mtoto anamwita nani mama?"

"Bimkubwa."

"Cheti kina majina ya nani?"

"Bimkubwa na mzee."

"Sasa unatafuta nini ndugu yangu? Ukimwandika watadai vipimo vyake, watadai karatasi za mama yake, faili linalala. Pata kwanza. Mengine utarekebisha ukiwa ndani."

Kuna kitu Deo hakukijua. Wakati ule nilikuwa namfuatilia dada mmoja wa kwaya kanisani, ndiye mke wangu leo, na nilishamwambia kwamba Edina ni mdogo wangu wa mwisho. Kwa hiyo ushauri ule ulinifaa. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo, nikampata.

Nikaandika: watoto, hakuna. Nikasaini.

Deo simlaumu. Yeye alishika mashine ya kunyolea, kalamu nilishika mimi.

PR ikaja, tukashangilia, tukachoma nyama. Miaka ikakatika. Kila wiki nikipiga simu nyumbani Edina anakuja kwenye video, "Shikamoo kaka." Marahaba. Umekuwa wa ngapi darasani? Haya, msikilize mama. Basi, imeisha hiyo. Mke wangu alikuwa anamchagulia nguo kwenye sale na kuzituma, anasema ni za wifi yake.

Sasa tuje miaka ya karibuni. Waliopo huku watanielewa.

Nchi imebadilika. Nilipofika, wageni tulikuwa tunahitajika sana. Wanafunzi waligombania basement za Brampton mpaka watu wanalala kwa zamu. Siku hizi vibali vimepunguzwa, basement zile zile zina vibao vya kutafuta wapangaji, na pale warehouse ninapoendesha forklift kila mwezi kuna mtu anaaga kwamba visa imeisha, anarudi kwao. Shift zikapungua.

Sensa ilipokuja nikaomba kibarua cha kuhesabu watu, nikapata. Nikapangiwa maghorofa ya Flemingdon Park, kwa sababu kule kuna Wakongo na Warundi wengi na mimi Kiswahili ninacho.

Tuliapa kutunza siri, kwa hiyo nyumba sitaitaja. Niseme tu kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, mkarimu kupita kiasi. Aliniambia wako wanne. Mlangoni nilikuwa nimeviruka viatu vya watu wengi zaidi ya hao.

Nikamwambia, "Mama, haya majina hayaendi kwa mwenye nyumba wala immigration. Andika kila mtu anayelala hapa. Mtu asipoandikwa, ni kama hayupo."

Maneno ya semina hayo. Nilikuwa nayasema kila mlango, bila kufikiri.

Mama akaangalia chini. Akasema yupo na binti wa marehemu dada yake, aliogopa kuleta shida. Nikamwambia mwandike, mama. Akamwandika. Halafu akanimiminia chai, akaniuliza kwa Kiswahili chao:

"Na weye, baba, uko na batoto bangapi?"

Nikajibu, "Wawili."

Lilitoka lenyewe hilo jibu. Nilishuka ngazi ghorofa zote zile kwa miguu, sababu kwenye lifti kulikuwa na watu na sikutaka kuonekana. Nilikaa kituo cha basi cha Don Mills nikaacha basi mbili zipite. Wakuu, nilijisikia mchafu.

Na bado sikumwambia mtu.

Miezi michache baadaye bimkubwa akafariki. Presha. Alidondoka asubuhi, jioni hayupo.

Nikaruka kwenda Kasulu kuzika. Msibani ukafika muda wa kusoma wasifu wa marehemu, mjomba akasimama na karatasi. "Marehemu ameacha watoto watatu." Akanitaja mimi, akamtaja dada yangu Stella, akamtaja Edina.

Edina alikuwa amekaa mkekani na wanawake, miaka kumi na sita, mrefu kama mimi, paji la uso ndilo hili hili langu. Aliinua kichwa akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia tu, kama mtu anayesubiri niongeze neno.

Mimi nikainamisha kichwa kama mfiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa, lakini pale nilikuwa najificha.

Baada ya arobaini Stella akamchukua Edina kwake Kahama. Stella ana watoto watano na vyumba viwili. Edina analala kwenye kiti kirefu sebuleni, anaamka kabla ya watu ili kiti kipate nafasi ya kukaliwa. Haya hakuniambia yeye, kaniambia Stella, tena kwa ukali.

Ndipo nikamwambia mke wangu. Jumapili mchana, watoto wako nje, nikamwambia Edina ni wangu wa kumzaa.

Nilijiandaa kwa matusi. Akasema, "Mtoto nisingemkataa. Ningekulelea. Wewe umenifanya nimwite wifi miaka yote hii." Akaingia chumbani. Mpaka leo ananiongelesha kwa adabu, na waliooa wanajua adabu ya namna hiyo inauma kuliko kugombezwa.

Lakini ni yeye aliyesema twende kwa mwanasheria, safari hii wa kweli.

Mwanasheria alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mtoto ambaye hukumtaja ulipoomba PR, huwezi kuja kumdhamini baadaye. Kisheria, kwenye udhamini huyo si familia yako. Kuna kidirisha kwa baadhi ya waliokuja kama wakimbizi au kwa kudhaminiwa na ndugu, mimi sikuja kwa njia hizo. Kilichobaki ni kuomba huruma kwa sababu za kibinadamu: unakiri kwa maandishi kwamba ulidanganya, unaeleza kwa nini, unaweka DNA, unasubiri. Wanaweza kukataa. Wanaweza hata kurudi kukagua karatasi zangu mimi.

Nikatoka pale.

Na mnadhani nilienda wapi? Kwa Deo. Mimi tena, yule yule. La kuvunda halina ubani.

Deo ameota mvi sasa, ila ushauri ni ule ule. Akacheka kabisa.

"Mbona mambo yamejipanga yenyewe? Cheti kinasema wazazi ni mzee na bimkubwa. Wote marehemu. Binti hajafika kumi na nane, hajaolewa. Canada inaruhusu kumleta mdogo wako yatima. Wewe ni kaka mtu. Jaza."

Wakuu, sitawadanganya, nilifurahi. Nilirudi nyumbani naimba. Kwa uongo ule ule ningempata mtoto wangu, na asingejua mtu.

Jumamosi asubuhi nikampigia Edina, Kahama ikiwa jioni. Nikamwomba atoke nje akae peke yake. Kwanza nikamwambia ukweli, kwamba mimi ndiye baba yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio.

Akasema, "Najua. Najua tangu darasa la tatu. Mama alisema nisubiri utaniambia mwenyewe."

Miaka yote ile ya "shikamoo kaka" alikuwa ananisubiri.

Nikakimbilia kwenye mpango, maana mpango ulikuwa rahisi kuliko kuomba msamaha. Nikamweleza fomu. Nikamwambia siku ya interview wakikuuliza mama yako, sema ni bimkubwa, alifariki mwaka huu. Wakikuuliza baba yako, sema alifariki.

"Alifariki lini?"

Nikamtajia mwaka aliofariki mzee.

"Huyo ni babu. Nakuuliza wewe. Wewe niseme umekufa lini?"

Nikasikia jirani wa Stella anatwanga, na kuku, na Edina anapumua.

Akasema, "Bibi nimemzika juzi tu. Na wewe nikuzike? Hapana, baba. Mimi sitaki."

Mnaona alivyoniita. Miaka kumi na sita nimelisubiri hilo neno bila kujua kama nalisubiri, na limekuja wakati mtoto ananikataza kumfanya yatima. Nililia mbele ya wanangu wawili, wadogo wakasimama mlangoni wanauliza, "Dad, what happened?" Nikawaita, nikawaambia wana dada.

Sasa hivi tumepeleka maombi kwa njia ya mwanasheria. Nimekiri kila kitu na mke wangu ameandika barua yake ya kuniunga mkono. Majibu bado. Edina anakaribia kumi na saba, na kila mwezi unaopita naona kama mlango unajifunga. Wakikataa, ametaka jambo moja: niende ofisini nikamrekebishie cheti, awe na jina langu hata kama atabaki Kahama.

Nilichojifunza ni hiki, hasa kwa mnaojaza fomu sasa hivi na kuna mtu anakunong'oneza "pata kwanza": andika watoto wako wote. Aliye kwa bibi, aliye kwa mama mwingine, ambaye hujawahi kumwambia mkeo. Faili likilala mwaka, acha lilale. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi janga langu analila mtoto, sebuleni kwa watu.

Na nyinyi mliolelewa na bibi huku mnamwita baba kaka, naomba mniambie kitu kimoja: mlisamehe? Ilichukua muda gani? Wenye matusi pia leteni, nayapokea, nimeshajitukana vya kutosha hayatanishangaza. Ila aliyewahi kupita kwenye maombi haya ya huruma akafanikiwa, tafadhali usipite kimya.

Yule mama wa Flemingdon sitarudi kumgongea mlango, sensa imeisha. Jibu lake nitaliacha hapa.

Nina watoto watatu, mama. Wa kwanza anaitwa Edina.