Komamanga la Uzi Mwekundu

Wengine watasema nilikuwa na homa. Waseme. Mimi nilikuwapo, nimeona kwa macho haya mawili, na aliyepatwa ni mdogo wangu wa tumbo moja, si mtu wa kusimuliwa. Kwa hiyo usinikatize, na kama huamini nenda zako kalale.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni. Mimi nilikuwa fundi wa kufuma. Si vitambaa vya mezani tu, vile kila mwanamke anafuma. Nilifuma vitunda: ndimu, embe, komamanga, kwa uzi na sindano yenye ndoano, nikavijaza sufi mpaka vikavimba. Arusi ikija watu wananunua, wanavining'iniza kwenye chandarua cha bibi arusi. Uzi nilichukua kwa Banyani mmoja mzee kule Uhindini, mtu mpole, akiniona tu anashusha vibonge vya rangi zote bila kuulizwa.

Kupata mviringo nilikuwa na njia yangu. Nikifika katikati, namwita mdogo wangu Mwanahawa akunje ngumi ya mkono wa kulia, namvika ule mfuko wa uzi. Ukimkaa sawasawa, nimepatia. Watu wakisifu, eti matunda yako yanafanana kama yametoka mti mmoja! Kumbe ni ngumi ya Mwanahawa hiyo.

Basi Mwanahawa akaposwa. Mchumba aliitwa Shomari, kuli wa bandarini, jitu la miraba minne, lakini akisimama mbele ya mama yetu sauti inakuwa ya kifaranga. Tulimcheka sana. Arusi ilikuwa Ijumaa inayofuata, na vitunda nilivyokuwa nafuma vilikuwa vya chandarua cha mdogo wangu mwenyewe. Niambie, kuna furaha kuliko hiyo?

Siku moja jua la utosi, Mama kaenda sokoni, mimi na Mwanahawa tumekaa ukumbini, mlango wazi tupate upepo. Nimemvika komamanga jekundu mkononi, namgeuza huku na huku, yeye anacheka. Mara, "Hodi wenyewe."

Mwanamke kasimama mlangoni, buibui limepauka. Nikamkaribisha, hakukaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia ubavuni, vidole vimekunjwa, kama unavyomshika mtoto asikukimbie barabarani. Nikachungulia nyuma yake nimwone huyo mtoto. Hakuna.

"Nataka komamanga," akasema. "La mwanangu. Akilala anataka kitu cha kushika."

"Nitakufumia, mama. Uje kesho."

Akanyoosha kidole cha mkono ule mwingine kwa Mwanahawa. "Hilo hilo. Linamtosha."

Mwanahawa, roho yake nyeupe siku zote, akalivua. "Mpe tu, Dada. La kwangu utafuma jingine. Mtoto asilie."

Yule mwanamke akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mna sufi, imekuwa ya manjano. "Ujaze hii. Imetoka kwenye mto wake." Nikaipokea. Ilinuka karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu. Sasa usiniambie ningejua! Karafuu maiti si tunaweka kwenye makasha mende wasile nguo? Nusu ya nyumba za Kariakoo zilinuka hivyo. Nikajaza, nikafuma kufunga mdomo wa tunda, nikavuta uzi, nikapiga fundo.

"Yarabi! Dada, mkono!"

Mwanahawa alikuwa anajipepea. Upepeo umemdondoka, na mkono wa kulia umejifunga ngumi, vidole vimekazana mpaka vimekuwa vyeupe. Nikamshika. Na yule mwanamke? Kachukua komamanga lake, kageuka. Mkono wake uliokuwa umekunjwa sasa ulikuwa wazi. Wallahi aliuinua mpaka usoni, akautazama, akavichezesha vidole kimoja kimoja, halafu akashika njia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa miaka.

Nikatoka mbio. Mtaa mweupe kwa jua, na muuza kahawa amesinzia barazani. Nikamtikisa, "Mwanamke aliyetoka kwetu kaelekea wapi?" Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Hapa hajapita mtu, binti."

Tuliacha kufanya nini? Mafuta ya nazi, maji ya moto, Mama akajaribu kupenyeza mpini wa kijiko mpaka damu ikatoka. Hospitali wakamchoma sindano ya usingizi. Akalala, ngumi haikulala. Tukaenda kwa mganga mmoja Jangwani. Aliishika ile ngumi, akaiachia haraka.

"Huu si ugonjwa," akatuambia. "Hapa pana mtu kashika. Lileteni hilo tunda lifumuliwe, fundo la mwisho kwanza. Bila hilo mimi sina dawa, mama zangu."

Tukalitafute wapi? Nilizunguka Ilala, Gerezani, Mchikichini, kila nyumba ninayosikia imefiwa na mtoto naingia na kuuliza. Wengine walinifukuza, na haki yao. Ijumaa ikatukuta hivyo hivyo.

Unajua kwetu, ndoa ikishafungwa, bwana anaingizwa chumbani kumpa mkono mkewe. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa. Mwanahawa kakaa kitandani, hina mkono mmoja imejaa kiganjani, mkono wa pili imepakwa juu ya ngumi tu. Shomari tulikuwa tumeshamwambia, na alisema, "Nampenda yeye, si kiganja." Mwanamume kweli. Akaingia, akaichukua ile ngumi kwa mikono yake miwili, taratibu.

Halafu akainamisha uso, akatazama sakafuni kando ya Mwanahawa, pale ambapo mtoto wa miaka mitatu angekuwa amesimama. Akatazama hapo kwa muda. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, na ndani ya wiki hiyo talaka ikaletwa. Simlaumu. Aliona nini, mpaka anakufa hakumwambia mtu.

Mwanahawa alilia mwezi mzima. Halafu akaacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akawa hatembei haraka. Tukivuka barabara anasimama kwanza, anapunguza hatua. Usiku nikamsikia anaimba kwa sauti ya chini, nyimbo zile za kubembelezea mtoto. Nikasikia habari ya mganga mwingine, wa Bagamoyo, anafungua vilivyofungwa. Nikamwambia, jiandae, twende. Akanitazama.

"Dada, katoto haka kanaogopa giza. Nikikaachia kataenda wapi?"

Ungemjibu nini? Nilimpiga, ndiyo, nilimpiga mdogo wangu kwa uchungu, na yeye akageuza ubavu ili kofi lisimpate aliyesimama kando yake.

Hakuolewa tena. Namkata kucha za mkono mmoja, namfunga kanga, namtengea tonge. Mimi kufuma niliacha siku ile ile ya komamanga. Wewe unayefuma, sikia la mkubwa: mtu akikujia na sufi yake, hata kama analia, muulize mtoto mwenyewe yuko wapi, umwone kwa macho. Asipokuonyesha, funga mlango. Usiniambie huruma. Huruma ndiyo iliyotumaliza.

Sasa Mwanahawa anaumwa, kifua. Hali hata uji. Juzi nilikuwa namfuta uso akafumbua macho, hana hofu ya kufa hata kidogo, anawaza jingine.

"Dada," akaniambia, "mimi nikienda, nani atakashika?"

Akautazama mkono wangu. Nikauficha ndani ya kanga kabla sijajua ninafanya nini. Tangu juzi ananisubiri nimjibu.