Umri wa Baba Ubaoni

Tangu waasi walipomchukua mumewe Gaspard mwaka wa 1964 na kumpeleka upande wa bonde la Ruzizi, Pélagie hakuwahi kuvaa nguo za kilio. Mama mkwe wake, Sidonie, alimwomba mara nyingi wamfanyie matanga, maana yeye anazeeka na mtoto wake hajaliliwa. Pélagie alikataa. Kila mwaka aliitoa suruali ya Gaspard sandukuni, akaifumua kiunoni na kuipanua kidogo, kwa kuwa mwanamume wa umri ule huanza kunenepa.

Alifundisha hesabu katika shule moja ya wasichana Uvira, na hata darasani hakupenda kuupa mlango mgongo. Asubuhi moja aliwapa sentensi waigeuze kuwa mlinganyo: umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mtoto, baada ya miaka kumi na miwili utakuwa mara mbili. Bernardine, msichana mkimya wa Katogota, akaenda ubaoni. Umri wa mtoto akauita x. Upande wa mtoto akaandika vizuri, 2(x + 12). Upande wa baba akaandika 3x tu, akaweka chaki chini.

"Baba yake iko mukavu sawa samaki ya ndagala," akasema Generose kutoka nyuma. "Hazeeke."

Darasa likacheka. Pélagie akawanyamazisha, akamweleza Bernardine kwamba miaka hupita kwa wote wawili, kwa hiyo baba naye aongezewe kumi na mbili.

"Minye sikusahau, madamu," akasema msichana bila kuinua macho. "Wangu tulimuzika. Nitamufikia, kisha nitamupita."

Pélagie akachukua chaki asahihishe. Akaweka alama ya kujumlisha baada ya 3x, na hapo mkono ukasita. Alimwona Gaspard mlangoni kama siku ile, kiuno chembamba, akigeuka kumwambia afunge nyuma yake. Miaka yote hiyo alikuwa akimjumlishia, na yeye hakuongezeka hata siku moja. Akaandika 12, kwa sababu mtihani ungeitaka, akawaruhusu watoke.

Mchana alimkuta Sidonie uani akichambua maharagwe, akamwambia aite watu wa matanga. Mama mkwe akauliza kama amepata habari yoyote. Hapana, akasema Pélagie. Akaingia ndani, akaitoa suruali, akaanza kuirudisha kwenye kiuno chake cha zamani.