Siku Nilipovikalia Vioo vya Kanisa

Mwaka ule mihogo ilioza shambani, tukala ming'oko, vile viazi vya porini, asubuhi na jioni. Nilikuwa nafagia karakana ya fundi madirisha, Masasi. Vioo vya kanisa la Newala alivisimamisha ndani ya kasha, nyasi kavu katikati, vikisubiri lori.

Mimi, bibi mwenye wajukuu wanaosoma misheni, nikamwona mzembe. Mtungi ukisimama bila kata ya nyasi chini yake huanguka, kwetu tunaulaza. Nikalilaza kasha, nikaketi juu yake nipumzike. Mwili ninao, sikatai. Likalia kwaa!

Roho ikaniruka. Nimevunja vioo, kazi imekwenda! Mara fundi akaingia na wapagazi wake.

"Mama Agnesi! Nani kalaza vioo? Kioo kikilala kinapasuka. Inuka nione!"

"Mimi siinuki hapa, hata aje Bwana DC!"

Akapiga magoti, akachungulia kati ya mbao.

"Vizima vyote! Umepasua ubao tu."

Nikashusha pumzi, nikacheka mpaka machozi. Nikataka kuinuka, kumbe ule ubao umeing'ata kaniki yangu kwa nyuma, imechanika yote, na ndani sina kitu.

"Haya, inuka basi tupakie," wakasema wapagazi.

"Mimi siinuki hapa, hata aje Bwana DC!"