Vitabu vya kufikirisha: nilijiona msomaji wa nyumba, mpaka mke wangu alipoweka kiti mlangoni

Assalamu alaikum wakuu, na kwa wote wengine, hamjambo.

Kila mara mtu akiomba vitabu vya kufikirisha humu jukwaani, mimi huwa wa kwanza kumwaga orodha. Leo orodha sina. Nina kisa kimoja, na sijakitia chumvi, maana mimi mwenyewe ndani yake sikutoka vizuri.

Mimi ni fundi wa mafriji na AC. Nakaa Bongwe, kazi zangu nyingi ziko mahotelini Diani. Wageni wakiondoka huacha vitabu vyumbani, na jamaa wa housekeeping wananijua, huniwekea. Vingine nanunua kwa wauza mitumba pale Ukunda.

Nyumbani nina kabati zima. Nikikaa na watu utanisikia, nimesoma hiki, nimesoma kile. Napenda kusikika, sikatai.

Mke wangu Mejumaa ni fundi cherehani. Aliishia darasa la nane. Chumba chake cha kushonea kiko kando ya stage ya bodaboda, anashona sare za shule na madera.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwahi kumpa kitabu hata kimoja. Sikumkataza. Sikumfikiria tu. Na hilo kuliona lilinichukua muda.

Mwaka jana akateguka mguu. Wiki tatu hawezi kukanyaga cherehani. Siku ya pili akaniambia, "Baba Tima, nitolee kitabu kwenye hilo kabati lako, ukuta nimeuchoka kuuangalia."

Nikamwambia achague mwenyewe. Akachukua kimoja chembamba cha Kiswahili, kimeng'oka jalada.

Jina msiniulize wakuu. Jalada hakuna, kurasa za mwanzo hakuna. Ni riwaya ya kijiji ambacho watu walimpiga mtu mpaka akafa, kwa wizi ambao haukuwa wake. Kila sura anasimulia mmoja wa waliompiga. Anaeleza tu siku yake ilivyoendelea baada ya pale. Alirudi nyumbani, akala nini, mtoto akamuuliza nini. Basi. Mahubiri hayamo.

Mimi zamani nilikimaliza kwa siku mbili, nikasema kizuri, nikakirudisha kabatini.

Mejumaa alikaa nacho wiki zote tatu.

Niko kwenye chai, ananiuliza, "Huyu mwanamke wa sura ya nne, jiwe aliliokota kwa nini?"

"Kwa sababu wenzake waliokota."

"Hao wenzake nimewaona. Nakuuliza yeye."

Nikamwambia hiyo ni hadithi tu, mbona anaisumbukia hivyo. Akarudi sura ya nne.

Mguu ukapona, akarudi kazini. Mimi nikasahau.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Niko kwenye kibanda cha chai pale stage nasikia kelele za mwizi. Jirani yetu Bi Saumu, mjane mtu mzima, alikuwa ameamka akakuta sola yake imeng'olewa juu ya bati. Na hapo barabarani ameshikwa mwanamume mgeni, ana sola ndani ya gunia.

Vijana wa boda wamemzunguka. Ana lafudhi ya Kiduruma, anasema ametoka Taru, sola ameinunua. Nani wa kumsikiliza? Shati limeshachanika, mdomo unavuja damu.

Wakuu, mimi sikwenda kuangalia. Nilikwenda nimeshika kipande cha mbao. Nimekiokota wapi, mpaka leo sikumbuki. Mimi mwenye kabati la vitabu.

Yule bwana akawa anarudi nyuma, anarudi nyuma, akajikwaa akaanguka kwenye mlango wa Mejumaa.

Mejumaa akatoka, futi ya kupimia ingali shingoni. Akamwangalia, akamshika mkono akamvuta ndani. Kisha akachukua kiti chake cha kushonea, akakiweka katikati ya mlango, akakaa.

Hakupiga kelele. Alikaa tu, mikono juu ya magoti.

Kijana mmoja akamwambia, "Mama Tima, tupishe. Huyo ni mwizi."

"Nani kati yenu alimuona juu ya bati la Bi Saumu?"

"Sola si hii hapa? Tumemshika nayo."

"Sikuuliza mmemshika na nini. Nimeuliza nani alimuona."

Sauti moja ya nyuma ikasema huyo mwanamke atolewe hapo. Mejumaa akanyanyua uso, akaanza kutuita mmoja mmoja. Yule kwa jina la mamake. Yule kwa jina la mtoto ambaye alimshonea sare juzi. Kila mtu jina lake, taratibu, kama anayesoma rejista.

Akafika kwangu.

"Baba Tima. Weka hiyo mbao chini."

Mbele ya watu wote. Kwetu huku mke hamwambii mumewe hivyo hadharani, na watu walinigeukia waone nitafanya nini. Nikaiweka chini. Nikaenda nikasimama kando ya kiti chake.

Mwendesha boda mmoja, Mutua, ndiye aliyetufuata. Aliisukuma pikipiki yake, akaiegesha kiubavu mbele ya mlango, akaipanda akakaa.

Baada ya hapo wengine wakaanza kuangalia simu zao. Bi Saumu mwenyewe akafika, anahema. Akasema, "Wanangu, mimi nataka sola yangu. Roho ya mtu siitaki." Mzee wa kijiji akaja na polisi, wakamchukua yule bwana akiwa mzima.

Kufikia alasiri mambo yakawa wazi. Sola aliiuza mpwa wa Bi Saumu mwenyewe. Polisi walipomuita alikiri bila kusukumwa. Yule mgeni, jina lake Mwero, aliinunua kihalali, ana fundi wake wa kumfungia huko kwao.

Wiki mbili baadaye Mwero alirudi Bongwe na mamake. Mejumaa akasimama kumsalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Kisha yule mama akauliza, "Kiti chenyewe ndicho hiki?"

Akaambiwa ndicho. Akaomba kukikalia. Alikaa kitambo, anaushika ubao wake kwa viganja. Mejumaa akaketi sakafuni karibu naye. Mimi nilitoka nje, kwa sababu machozi yalinishinda.

Baadaye nilimuuliza mke wangu, je, kama Mwero angekuwa mwizi kweli?

Akasema, "Ningekaa palepale. Hukuisoma sura ya mwisho?"

Niliisoma wakuu, ile ya mmoja ambaye mpaka mwisho anaamini jamaa aliiba kweli, na usingizi bado haumjii. Niliisoma haraka.

Sasa nitoe pendekezo, maana ndiyo mada. Msitafute kitabu cha kukufanya uonekane mwerevu. Mimi ninavyo, havikunisaidia kitu siku ile. Tafuteni kinachokuacha na swali moja ambalo hulipendi, halafu msikiharakishe. Riwaya fupi ya mtu wa kawaida aliyekosea inaweza kukushughulisha kuliko mabuku matatu ya mafanikio. Wasifu wa mtu asiyejulikana, nao ni mzuri. Na kama kitabu umekipenda, mpe mtu wa nyumbani kwako kabla hujaja kujisifu humu.

Watu Bongwe siku hizi wakiniona wananiambia, wewe si mume wa Mejumaa? Zamani ningechukia. Sasa najibu ndiyo, ndiye mimi, na kifua mbele.

Haya, uwanja wenu. Kitabu gani kiliwahi kukufanya ufanye jambo, si kukimaliza tu? Tajeni na kilichotokea. Mejumaa amenimalizia kabati lote, anataka vingine. Majibu yenu nitampa simu ayasome mwenyewe.